Sokoine, katoni za sabuni na kesi za wakubwa



Mwezi uliopita, baada ya mkutano wetu, tulibaki wachache kumalizia pilau na kungoja mvua ya Uingereza ipungue, jambo ambalo kama mjuavyo halina tarehe. Mazungumzo yakahamia nyumbani. Mwenzetu mmoja Mkenya akaanza na Goldenberg, ile kashfa ya fidia ya dhahabu iliyofichuka miaka ya 1990. Tume imekaa, kesi zimefunguliwa na kufungwa, lakini hakuna mwanasiasa mkubwa aliyelala jela kwa ajili yake. Sisi Wabongo hatukutaka kushindwa. Nikatoa mfano wangu: mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, walifikishwa mahakama ya Kisutu Novemba 2008 kwa kutumia vibaya madaraka katika msamaha wa kodi uliopewa kampuni ya kukagua dhahabu, na serikali ikadaiwa kupoteza zaidi ya shilingi bilioni 11. Hukumu ikasomwa Julai 2015. Kesi ilipoanza mimi nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa darasa la saba. Ilipokwisha nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na ndevu zimeota. Walipewa miaka 3, rufaa ikaipunguza ikawa 2, na sehemu ya mwisho wakaimalizia kwa kufagia hospitalini. Na hii jamani ndiyo kesi tunayoitaja kama mfano wa kesi iliyofika mwisho!

Hapo mmoja wetu akasema kwamba dawa ya haya yote ni Sokoine mwingine. Watanzania wote mezani tukatikisa vichwa. Mkenya akauliza huyo Sokoine ni nani na alifanya nini hasa. Mezani kukawa kimya kidogo. Tulijua jina, tulijua ajali, tulijua kwamba wahujumu walikiona cha moto. Lakini alifanyaje? Nani alifungwa, kwa sheria gani? Tulikuwa tunamlilia mtu tusiyemjua. Nikaahidi kuandika, na mhariri wetu, ambaye hasahau ahadi ya mtu, ndiye aliyenishika hadi leo.

Kabla sijaanza inabidi nitangaze maslahi yangu, kama wabunge wanavyotakiwa. Bibi mzaa baba alimpenda Sokoine kiasi cha kutundika picha yake sebuleni karibu na kalenda ya kanisa. Babu mzaa mama aliwekwa mahabusu mwaka 1983 katika msako wa Sokoine huyo huyo. Nimekulia katikati ya hao wawili.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli, Arusha, tarehe 1 Agosti 1938, katika familia ya Kimasai. Alisoma hapo hapo Monduli, kisha sekondari ya Umbwe, Kilimanjaro. Kwa kijana wa wafugaji wakati ule wa Mwingereza, kufika sekondari peke yake ilikuwa safari ndefu. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, akajiunga na TANU. Akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, akarudi 1963 na kuwa ofisa mtendaji wa Wilaya ya Masai. Mwaka 1965 akachaguliwa kuwa mbunge akiwa na umri wa miaka 27. Yaani mdogo kuliko mimi ninayeandika hapa, nikiwa bado nahangaika na tasnifu!

Baada ya hapo alipanda haraka, na sitaki kuwachosha kwa orodha ya vyeo. Alikuwa naibu waziri wa mawasiliano na uchukuzi mwaka 1967, waziri wa nchi 1970, waziri wa ulinzi 1972. Tarehe 13 Februari 1977, wiki moja tu baada ya CCM kuzaliwa, Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu kumrithi Rashidi Kawawa.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu mwezi mmoja kabla ya uteuzi huo kulitokea jambo ambalo vijana wengi hatulijui, na linahusu moja kwa moja mada yetu ya pale mezani. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji ya vikongwe walikuwa wameteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais. Waziri mwingine na wakuu wa mikoa hiyo miwili nao walikwenda na maji. Miaka iliyofuata baadhi ya maofisa walishtakiwa na kufungwa. Kwa hiyo serikali aliyopewa Sokoine kuisimamia ilikuwa imetoka kuonyesha kwamba mkubwa anaweza kuwajibika, na kwamba mtuhumiwa, hata akichukiwa namna gani, ana haki zake. Naomba muyaweke hayo mawili kichwani.

Kipindi chake cha kwanza kilikuwa kigumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mwaka uliofuata Idi Amin akavamia Kagera, tukaingia vitani, tukashinda, na bili ya ushindi ikaja. Bei ya mafuta ikapanda tena 1979. Baada ya uchaguzi wa 1980 Sokoine alipumzika uongozi, afya yake ikiwa si nzuri, akaenda kusoma Yugoslavia. Cleopa Msuya akashika nafasi yake.

Aliporudi kuwa Waziri Mkuu, tarehe 24 Februari 1983, alikuta nchi haina sabuni.

Wenzangu mliozaliwa baada ya 1990 hamtaelewa, hata mimi nilihitaji kuelezwa mara nyingi. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, viwanda havina vipuri na vinazalisha chini ya nusu ya uwezo wake. Bei za bidhaa zilipangwa na serikali, na bidhaa zikapitia mashirika ya biashara ya mikoa hadi kwenye maduka ya kaya na ya vijiji. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama kipande cha sabuni kina bei moja dukani na bei mara kadhaa ya hiyo nyuma ya duka, kitauzwa wapi? Ndipo lilipozoeleka neno ulanguzi. Sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya kula, kanga, betri za redio, vyote vilikuwepo na havikuwepo. Bibi anasimulia kwamba watu walipanga foleni kwanza, halafu ndio wanauliza foleni ni ya kitu gani. Wengine wakafulia majani ya mpapai.

Na wananchi walijua kwamba mlanguzi wa mtaani hakujitengenezea sabuni mwenyewe. Ilitoka kiwandani ikiwa na karatasi, ikapita kwenye ghala la shirika la umma, ikasainiwa na meneja. Kila mtu aliweza kuhesabu milango iliyopita. Hasira ile ndiyo aliyoikuta Sokoine, na ni hasira ile ile tuliyokuwa nayo sisi juu ya pilau: wanaojulikana wanajulikana, mbona hawaguswi?

Mwishoni mwa Machi 1983 msako ukaanza. Polisi, mgambo na makada wa chama waliingia madukani, maghalani na majumbani. Redio ikawa inataja vilivyokamatwa. Kuna simulizi nyingi za watu kutupa vitambaa baharini na kufukia noti bustanini, na naamini si zote zilizotiwa chumvi, maana mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akionyesha hadi ulipokuwa ule mchungwa. Walikamatwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Walikamatwa pia maofisa wa serikali, wa chama na wa mashirika ya umma. Jambo hilo la pili ndilo lililowafanya watu wa foleni washangilie, kwa sababu hawakuwa wamezoea kuona ofisa anashushwa kwenye gari lake.

Sheria ilikuja nyuma ya msako. Wiki chache baadaye Bunge lilipitisha sheria maalum ya uhujumu uchumi, namba 9 ya 1983, ikarudishwa nyuma na kuhesabiwa kuwa ilianza tarehe 25 Machi, ili ifunike yale yaliyokwisha kufanyika. Nimeisoma, kwa jicho la mtu wa umeme asiye mwanasheria. Mshtakiwa hapelekwi mahakama za kawaida, anapelekwa kwenye baraza maalum. Hakuna dhamana. Hakuna wakili. Ukihukumiwa, huwezi kukata rufaa kwenye mahakama za kawaida. Na kumbukeni kwamba Katiba yetu wakati ule haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo mtu angeikimbilia. Iliingizwa mwaka 1984.

Nyumbani, fyuzi ikiungua mara kwa mara, kuna fundi atakayekushauri uondoe fyuzi uweke kipande cha waya. Kweli umeme utawaka, tena papo hapo, na utamsifu fundi. Ila waya ule haujui tofauti kati ya mzigo wa kawaida na hitilafu inayoweza kuunguza nyumba.

Babu mzaa mama alikuwa na duka la rejareja katika mji mdogo mkoani Morogoro. Mwana TANU tangu kabla ya uhuru, kadi anayo. Aprili 1983 mgambo walikuta katoni 9 za sabuni chini ya kitanda chake na mifuko miwili ya sukari nyuma ya mlango. Babu hakuwahi kukana kwamba alificha, hilo niliseme wazi. Alikuwa akiuza kidogo kidogo kwa bei ya juu, kama wenzake wote, kwa sababu naye alizinunua kwa bei ya juu kutoka kwa mtu aliyekuwa na funguo za ghala. Alipoulizwa alizipata wapi alimtaja. Aliyekuwa akiandika, anasema mama, aliacha kuandika.

Alikaa mahabusu miezi mitano. Hakufikishwa mbele ya baraza lolote. Siku moja akaambiwa aende nyumbani. Duka lilikuwa tupu, sabuni na sukari viliuzwa kwa wananchi kwa bei halali siku ile ile ya msako. Yule wa ghala alihamishiwa mkoa mwingine. Hakushtakiwa. Jina lake silitaji na hata cheo chake nakiacha, amekwisha kufa naye.

Kuna jambo linalochekesha ndani yake. Bibi mzaa baba alikuwa akiishi mji huo huo, na alikuwa kwenye foleni ya siku ile. Alipata vipande viwili. Baba yangu alikuwa mvulana wa shule ya msingi, kwa hiyo inawezekana kabisa shati lake la shule lilifuliwa kwa sabuni ya baba mkwe wake wa baadaye. Baba na mama walipooana, wazee hao wawili walizungumza kuhusu Sokoine kwenye meza kuu hadi mshenga akaingilia kati. Bibi alishikilia kwamba ule ndio mwaka pekee ambao aliyejificha nyuma ya duka alimwogopa aliyesimama mbele ya duka. Babu alishikilia kwamba waliokuwa nyuma ya duka ni watu wawili, na mmoja hakuogopa kitu. Mimi nimesikia hoja hizo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuzitetea zote mbili, na kwa kweli nadhani zote mbili ni za kweli.

Maana kilichokuwa rahisi kukamata kilikuwa katoni. Katoni inaonekana, ina uzito, unaipiga picha. Saini ya meneja haionekani chini ya kitanda. Kumfikia mwenye saini kunahitaji mtu wa kukaa na vitabu vya hesabu, kufuata hati moja hadi nyingine, shahidi asiyetishwa, mwendesha mashtaka asiyepigiwa simu, na hakimu ambaye hata upande wa pili utakubali kwamba alisikiliza. Hiyo ndiyo kazi ya polepole, na msako wa 1983 uliiruka. Ndiyo maana nafikiri (hapa wenzangu wa sheria mnisahihishe) kwamba mzigo mkubwa ulimwangukia mwenye duka kuliko mwenye ghala.

Si kwamba hakuna aliyesema. Wanasheria, wakiwemo wahadhiri wa pale Mlimani, waliikosoa sheria ile wakati ambapo kuikosoa kulikuwa ni kujitafutia jina la mtetezi wa wahujumu. Na serikali ilisikia. Mwaka 1984 sheria ile ilifutwa, ikaja nyingine, namba 13, iliyorudisha kesi za uhujumu uchumi Mahakama Kuu, ikarudisha mawakili na uwezekano wa dhamana. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo inayotumika hadi leo.

Nisimfanye Sokoine mtu wa jambo moja tu. Katika miezi ile 13 na siku kadhaa kulikuwa na Nguvu Kazi, sheria ya kuwataka watu wote wenye uwezo wafanye kazi, iliyowatoa wengi mijini kwa malori kuwapeleka mashambani. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983, na wenzetu wa Namanga hadi Horohoro wakaacha kupitia vichochoroni. Na mwaka huo huo watu binafsi waliruhusiwa kuendesha mabasi ya abiria Dar es Salaam, maana UDA ilikuwa imezidiwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, na watu waliita sarafu ile dala. Kwa hiyo kila mnaposema mmepanda daladala, mnataja kitu kilichoanza wakati wake. Mtu aliyesaka wafanyabiashara kwa mkono mmoja aliwafungulia barabara kwa mkono mwingine. Wanaomtaja leo kwa ukali tu wanamsahau huyu wa pili.

Lakini nadhani kuna sababu nyingine ya watu kumlilia, nayo haimo katika sheria yoyote ya 1983. Walimwamini yeye mwenyewe. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba. Wengi walilikubali mchana. Sokoine alionekana kuliishi, na katika nchi ambayo kila mtu alijua nani anapelekewa sukari usiku, hilo halikuwa dogo. Hata babu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kumsengenya, hakuwahi kusema kwamba Sokoine aliiba. Miiko ile ya uongozi ililegezwa na CCM huko Zanzibar mwaka 1991. Baada ya hapo kumuuliza kiongozi amepata wapi nyumba ya tano kukawa si swali la chama tena, limekuwa la mahakama, na mahakamani ndiko tunakohesabu miaka.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari. Eneo la Dakawa, Morogoro, gari lililoendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini liligongana na lake. Akafa. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu alitangaza mwenyewe kwenye redio, na sauti yake ilimsaliti. Serikali ilisema ni ajali. Wengi hawakuamini, na hadi leo ukipanda basi la Dodoma, mkifika pale lazima kuna abiria atakayeanza kueleza yake. Sitaingia huko. Ninachoona ni kwamba watu waliokwisha kuzoea kwamba wakubwa hawaguswi wasingeweza kuamini kirahisi kwamba aliyewagusa kafa kwa bahati mbaya tu.

Alizikwa kwao Monduli Juu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro, kilichoanzishwa mwaka ule ule, kikapewa jina lake. Salim Ahmed Salim akawa Waziri Mkuu.

Bibi anasema alilia hadi akashindwa kuwasha moto. Babu, kwa maelezo ya mama aliyekuwa na miaka kumi hivi, alizima redio, akatoka nje, akakaa kwenye ile ngazi ya duka lisilo na kitu hadi jioni. Mama hajui kama alikuwa na huzuni au la. Hakumuuliza, na hakuna mtoto wa wakati ule ambaye angeuliza.

Monduli ilitoa Waziri Mkuu mwingine, Edward Lowassa. Februari 2008 alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Alikana kufanya kosa. Hakuwahi kupelekwa mahakamani, kwa hiyo hatukupata kusikia ushahidi ukichambuliwa, wala yeye hakupata nafasi ya kusafishwa na hakimu. Alifariki Februari 2024. Miezi miwili baadaye taifa likaadhimisha miaka 40 ya kifo cha Sokoine. Nilipoangalia picha za maadhimisho yale nikiwa huku, nilijiuliza ni lipi baya zaidi kwa nchi: kesi iliyokwenda kama radi kwa mwenye katoni 9, au kesi ambayo haikufunguliwa kabisa. Rafiki yangu wa sheria anasema ni ugonjwa mmoja, kwamba wote wawili walinyimwa mahakama. Nilimbishia usiku ule. Siku hizi simbishii sana.

Mwaka 2016 Tanzania ilianzisha divisheni ya Mahakama Kuu ya rushwa na uhujumu uchumi, ile iliyoitwa mtaani mahakama ya mafisadi. Jengo lipo, majaji wapo. Wale wenye hamu ya Sokoine wangefanya vyema kuuliza kila mwaka ni kesi ngapi zimepelekwa pale, za watu wa cheo gani, na zimechukua siku ngapi. Swali hilo halihitaji shujaa, linahitaji mtu mwenye kalamu na ubishi.

Nilimwomba mama anipigie picha ya karatasi ambayo babu alipewa siku ya msako, naye akanitumia. Imekunjwa mara nne na imekuwa ya kahawia. Imeandikwa kwa mkono: sabuni katoni 9, sukari mifuko 2, chini saini isiyosomeka. Sehemu ya tarehe ya kufika mbele ya baraza imeachwa wazi. Nimeichapisha, nitakuja nayo kwenye mkutano ujao, na yule ndugu yetu Mkenya naomba aje na zake za Goldenberg. Pilau safari hii nitapika mimi, kwa hiyo kuleni kabla ya kuja.